Aliyelipia ile bajeti hakuwa na kura

Barua

Jumapili moja baada ya ibada, tukiwa tumekaa kule nyuma ya ukumbi na chai ya maziwa na mandazi, mama mmoja alitoa bahasha kwa mkoba akaiweka mbele yangu. "Mwanangu, hebu nisomee hii kitu, macho yangu siku hizi hayaoni vizuri." Huyo mama anasoma Biblia bila miwani, namwona kila wiki. Alitaka tu mtu mwingine amtamkie kwa sauti kile alikuwa ashasoma mwenyewe.

Barua ilikunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Kwa ufupi ilisema bima yake ya MinnesotaCare, yaani bima ya afya ya jimbo la Minnesota kwa watu wa kipato kidogo, inaisha mwisho wa Desemba 2025, kwa sababu sheria imebadilika na watu wazima wasio na makaratasi ya uhamiaji hawataendelea tena. Watoto wanabaki.

Nikamsomea yote, pole pole. Akauliza, "Na dawa ya sukari?"

Nikamwambia, mama, hapa hawajataja dawa, wamesema bima yote.

Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Sasa mjukuu ni mtu, mimi si mtu?" Akairudisha barua kwa bahasha, akaniuliza kama nimeongezwa chai.

Hiyo swali imenikaa kichwani wiki nyingi sasa. Nimejaribu kuiandika mara kadhaa nikaacha, manake kila nikianza nafika mahali pagumu. Mahali penyewe ni kwamba namjua aliyepiga kura iliyofanya hiyo barua iandikwe. Sisi watu wa Brooklyn Park, mji wetu hapa Minnesota, Marekani, tunamjua wote. Na tulimzika mwezi ule ule aliopiga hiyo kura.

Juni 9

Wale mnaishi Minnesota mnajua hii hadithi kwa hivyo sitaanza na Adamu na Hawa. Mwaka 2023 DFL, yaani Democrats wa huku, walikuwa na gavana, na mabaraza yote mawili ya bunge la jimbo: House, na Seneti kwa kiti kimoja tu, 34 kwa 33. Na hicho kiti kimoja wakakitumia kweli kweli. Leseni ya kuendesha gari kwa kila mtu bila kuulizwa makaratasi, kuanzia Oktoba 1, 2023, wakati tangu 2003 ilikuwa haiwezekani. Chakula cha bure shuleni, asubuhi na mchana. Saa moja ya likizo ya ugonjwa kwa kila saa 30 umefanya kazi, hii ilianza Januari 2024, na kwa sisi wa kazi ya kutunza wazee ilikuwa kitu kikubwa kuliko mtu anavyoweza kuelezea, kwa sababu kabla ya hapo ukiwa na homa unaenda shifti na homa yako. Bodi ya kuangalia viwango vya kazi kwa nyumba za wazee. Likizo yenye malipo ya familia na ugonjwa, ya kuanzia Januari 1, 2026. Na katikati ya hayo yote, MinnesotaCare kufunguliwa kwa watu wasio na makaratasi, kuanzia Januari 2025.

Miezi mitano baadaye bunge likapiga kura kuifunga.

Usiku wa Juni 9, 2025, kikao maalum, bajeti haijapita, na mwaka wa fedha unaisha Juni 30. Bili ya kuwatoa watu wazima kwa MinnesotaCare ikaja House. Republicans wakapiga ndio. DFL wakapiga hapana, isipokuwa mmoja. Ikapita 68 kwa 65.

Yule mmoja alikuwa Melissa Hortman, kiongozi wa DFL mwenyewe, aliyekuwa spika kutoka 2019, mwanamke ambaye bila yeye yale mambo yote ya 2023 nimeyataja hapo juu yasingepita. Pamoja na hii ya MinnesotaCare. Yaani aliyeijenga ndiye alibomoa, kwa mkono wake, mbele ya kamera.

Baadaye akaongea na waandishi wa habari akitokwa na machozi. Hakusema ati bili ni nzuri. Alisema anajua kuna watu wataumia, lakini huo ndio ulikuwa mkataba ili bajeti ipite.

Mimi niliangalia hiyo video usiku kwa simu nikiwa kazini, mzee amelala, nikakasirika sana. Nikasema huyu hatarudi kuomba kura kwetu.

Juni 14

Siku tano baadaye.

Jumamosi, alfajiri, simu zetu zikalia ile sauti ya dharura ya kutetemesha meza. Tukae ndani. Na kulikuwa na onyo sijawahi kuona popote, kwamba askari akija mlangoni tupige 911 kwanza kuhakikisha ni askari kweli, na kwamba polisi wetu wameambiwa wakuje wawili wawili. Nilisoma mara tatu. Nikafunga mlango na kitasa cha juu pia, nikaita watoto wakaja kulala chumba kimoja na mimi.

Kulipopambazuka ndio tukajua. Mtu aliyevaa kama polisi alikuwa ameenda Champlin kwa seneta John Hoffman, akampiga risasi yeye na mke wake Yvette, wakapona kwa neema ya Mungu. Halafu Brooklyn Park, kwa Melissa Hortman na mume wake Mark. Hao hawakupona. Msako ulienda mpaka usiku wa Jumapili ndipo mshukiwa akakamatwa.

Wiki mbili baadaye wakalazwa jengo la bunge kule Saint Paul, yeye na mume wake na mbwa wao Gilbert, na watu wakapiga foleni kuaga. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo Minnesota. Kanisani kwetu tuliomba, tulilia, kuna mtu aliimba tenzi za rohoni mpaka sauti ikakatika. Huyo alikuwa jirani. Watu walikuwa wakikutana naye dukani kama mtu yeyote.

Na kutoka siku hiyo hakuna mtu alitaja tena ile kura.

Hapo ndipo mimi nimekwama. Naelewa kwa nini, kwetu marehemu hasemwi vibaya, na huyu hakufa kitandani, aliuawa kwa sababu ya kazi yake. Lakini barua zikaanza kuja. Na nikaona tumekuwa na watu wawili ambao hatuwezi kuwaongelea kwa pumzi moja, Melissa na huyu mama wa bahasha. Ukimtaja mama inaonekana unamshtaki marehemu. Ukimtaja marehemu, mama anakunja barua yake anaweka kwa mkoba.

Nataka kuwataja wote wawili. Naamini heshima kwa mwanasiasa aliyekufa ni pamoja na kuchukua kura yake kwa uzito ule ule yeye aliichukua, na yeye aliichukua kwa machozi.

67 kwa 67

Nikaanza kufuatilia. Kwa nini yeye? Kwa nini kura moja tu?

House ya Minnesota ina viti 134. Uchaguzi wa Novemba 2024 ulitoa 67 kwa 67. Sare kamili. Na kupitisha bili lazima upate 68. Kwa hivyo hakuna chama kingeweza kupitisha hata jina la barabara bila mtu mmoja wa upande ule mwingine.

Mkiangalia hiyo sare ilivyopatikana mtashangaa. Kule Shakopee, kiti cha 54A, Brad Tabke wa DFL alishinda kwa kura 14. Kumi na nne! Na kulikuwa na kura 20 za watu waliopiga mapema ambazo hazikuhesabiwa, zikapotea, kesi ikaenda mpaka kwa jaji, na Januari 2025 jaji akasema Tabke ndiye mshindi halali. Kiti kingine kule Roseville, aliyeshinda akaondolewa kwa sababu mahakama ilikuta haishi kwenye eneo lake, basi Republicans wakawa 67 kwa 66 kwa muda, DFL wakasusia vikao zaidi ya wiki tatu, Mahakama ya Juu ya Minnesota ikasema bila watu 68 hakuna kikao halali, na mwishowe mwanzoni mwa Februari wakakubaliana Lisa Demuth wa Republicans awe spika. Ndiye mtu mweusi wa kwanza kushika kiti hicho Minnesota, na hilo pia nimeona watu wetu wengi hawalijui.

Kwa hivyo Juni ikifika, kila chama kina breki na hakuna aliye na usukani.

Republicans walitaka MinnesotaCare ya wasio na makaratasi itoke. Hoja yao ilikuwa hesabu: walioandikishwa walifika kama 20,000, wengi kuliko ilivyokadiriwa, na makadirio yalikuwa yanaonyesha serikali ya jimbo itapungukiwa na kama dola bilioni 6 kwa miaka ya 2028 na 2029. Sitaki kusema ati hiyo hoja ni ya uongo. Upungufu ulikuwa kwenye makadirio. Lakini bajeti yenyewe ni zaidi ya dola bilioni 66 kwa miaka miwili, na hawa watu ni sehemu ndogo mno ya hizo pesa, na mtu wa sukari asiye na bima haponi kwa sababu umemtoa kwenye orodha. Anaenda emajensi akiwa amezidiwa, na hiyo bili kuna mahali itatua.

Na kama bajeti haingepita? Serikali inafungwa Julai 1. Ilishafanyika 2011, siku 20. Na hapa ndipo hasira yangu ilianza kuyumba, nawaambia ukweli. Nani angeumia kwa kufungwa? Wazee wale wale tunaowaosha. Mishahara ya wengi wetu inapitia kwa mipango ya serikali ya jimbo. Nilikaa nikajiuliza, ningekuwa mimi ndio kiongozi, nina wenzangu 66, najua lazima mmoja wetu apige kura ya ndio, ningemchagua nani? Ningemtuma mbunge mpya akachomeke? Melissa hakutuma mtu. Alienda mwenyewe.

Sijui watu wangapi wangefanya hivyo. Kwetu nyumbani Kenya tumezoea kiongozi akiwa na kura chafu ya kupiga, siku hiyo anaenda matibabu Dubai.

Lakini bado.

Waliogonga mlango

Bado nikirudi kwa yule mama, kuna kitu hakikai sawa, na hiki ndicho nimetaka kukisema tangu mwanzo.

Mei 15, wakati gavana Tim Walz, Hortman, Demuth na Erin Murphy, kiongozi wa Seneti, walikuwa wanatangaza mkataba wa bajeti ndani ya chumba, wabunge wa DFL wenye asili za kigeni na weusi na Wahindi Wekundu walikuwa nje wanagonga mlango. Wanagonga kwa ngumi. Kwa video unasikia viongozi wanaongea kuhusu maelewano na nyuma yao mlango unalia.

Walikuwa wanagonga kwa sababu ya hiyo bima.

Sasa angalieni kilichobaki na kilichotoka. Chakula cha shule kilibaki. Likizo yenye malipo, pamoja na kelele zote za wenye biashara, ilibaki. Hivyo vyote vinagusa watu wanaopiga kura, watu wa vyama vyote, mkulima wa kule Marshall na mwalimu wa Duluth. Hata MinnesotaCare, watoto walibaki, kwa sababu hakuna mwanasiasa anataka picha ya mtoto amenyimwa daktari. Waliotoka ni watu wazima wasioweza kupiga kura, na wasioweza hata kusimama mbele ya kamera wakaseme jina lao, kwa sababu kusema jina ni hatari.

Hapo mezani kila mtu alitoa kitu. Kile DFL walitoa hakikuwa chao.

Simaanishi Melissa alikuwa mbaya. Namaanisha mambo yakiwa sare, na lazima mtu alipe, macho yanatafuta yule ambaye maumivu yake hayatarudi kwenye sanduku la kura. Hii haihitaji mtu mbaya. Inatokea na watu wazuri ndani ya chumba, hata na mtu aliyelia. Nadhani ndio maana imenisumbua kiasi hiki, kama ingekuwa ni mtu mbaya ningemchukia nikalala.

Sisi na siasa za nyumbani

Grupu yetu ya WhatsApp ina watu mia mbili na kitu. Juni ile ile, watu walikuwa wanaongea nini? Nairobi. Maandamano, Ruto, Gachagua, nani atasimama na nani 2027. Na ni sawa, nyumbani ni nyumbani, nina mama yangu kule, pesa yangu kila mwezi inaenda kule. Sitamwambia mtu aache.

Lakini nilijaribu kitu kidogo. Niliuliza kwa grupu, nani anajua mwakilishi wake wa House ya Minnesota? Watu waliandika Ilhan Omar, ambaye ni wa Congress kule Washington, ingawa ni kweli alianzia House ya jimbo hili, 2016. Mmoja akaandika jina la meya. Wale watu hawa hawa wanajua MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, wa wadi yao kule Kisii na Nyamira kwa jina la utani, wanajua alijenga kibanda cha bodaboda gani na kilikula pesa ngapi.

Na hapa Brooklyn Park tuna mtu wetu kabisa! Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alishinda kiti cha 38A Novemba 2024. Tulipiga vigelegele usiku ule, tukapika, tukapiga picha. Halafu wengi wakarudi kulala, kama vile uchaguzi ulikuwa harusi.

Jimbo ndilo linaamua kama utapata leseni. Likizo ukiugua. Nani anakagua nyumba ya wazee unakofanya kazi. Washington wanapiga kelele kwa televisheni, lakini mambo yanayoingia jikoni kwako mengi yanapikwa Saint Paul, na watu 134 na wengine 67, ambao ofisi zao ukipiga simu mtu anashika. Mimi nimepiga. Kijana mmoja alishika, akauliza anwani yangu, akaandika, akaniuliza maswali ya maana.

Kuna jambo lazima niliseme wazi kwa sababu ya usalama. Green card, yaani kadi ya ukaazi, si kura. Ukiwa bado hujaapa uraia usijiandikishe, hata mtu wa DMV, ofisi ya leseni, akikuuliza kwa haraka, hata rafiki akikwambia haina shida. Hiyo inaweza kukurudisha nyumbani. Naongea na wale walioapa. Tuko wengi, na tunafanya shifti mbili, na Jumanne ya uchaguzi tunasema tumechoka. Kumbuka Shakopee ilikuwa kura 14. Ukumbi wetu wa kanisa Jumapili unajaza hiyo hesabu mara kumi kabla hata kwaya haijaingia.

Nimeulizwa, sasa kura zetu zingemsaidia vipi yule mama, si bado hangekuwa na kura yake? Kweli, hangekuwa nayo. Lakini yeye si kisiwa. Ana mtoto wa dada yake raia, ana pasta raia, ana sisi tunaokunywa naye chai. Kama waliokaa chumba kile Mei 15 wangejua ukimgusa huyu mama kuna watu hamsini raia kwenye viti vitatu vya ushindani mkali wanaoamka, sidhani jina lake lingekuwa la kwanza kwenye orodha ya vya kutoa. Labda lingetolewa tu. Sina uhakika. Lakini lingekuwa na bei.

2026

Septemba 16, 2025 uchaguzi mdogo wa kujaza kiti cha Melissa ulifanyika, Xp Lee wa DFL akashinda, na House ikarudi 67 kwa 67. Tuko pale pale.

Novemba 3, 2026 viti vyote vinaenda: House yote, Seneti yote, na gavana. Kabla ya hapo, Februari 3, 2026, ni siku ya kaukasi za mitaa, yaani mikutano ya vyama, hizi ndizo watu wetu hawaendi kabisa na ndiko mambo huanzia, kwa sababu ukumbi unakuta majirani ishirini tu ambao wanachagua wajumbe na kupitisha mapendekezo ya chama. Ukienda na watu wako kumi umekuwa theluthi ya chumba.

Siku ya kura yenyewe Minnesota inakuruhusu kujiandikisha pale pale kituoni. Kama huna kitu chenye anwani yako, mpiga kura aliyeandikishwa wa eneo lenu anaweza kuapa kwamba unaishi hapo, na mtu mmoja anaweza kuwadhamini hivyo mpaka watu wanane. Mwajiri wako lazima akupe muda wa kwenda kupiga kura bila kukukata mshahara, hiyo ni sheria, na kama hajui mwambie aiangalie.

Yule mama nilienda naye kwa kliniki moja ya jamii inayotoza kulingana na uwezo, tukajaza fomu, dawa atapata kwa sasa, si zote. Nimemuuliza kama naweza kuandika habari yake bila jina. Akasema andika, na uwaulize.

Kwa hivyo wagombea wakija kanisani kwetu mwaka huo wa uchaguzi, na watakuja, wanapenda sana mandazi yetu na picha na kina mama wenye vilemba, nitasimama na swali moja kwa kila mmoja, wa DFL na wa Republicans: mkirudi kwenye sare, na lazima kitu kitolewe, mtawarudisha watu wazima kwa MinnesotaCare au mtawatoa tena? Na nitataka jibu wakati yule mama ameketi pale mstari wa pili, anasikia.